Somo: Kugeuza gereji kuwa chumba hapa Texas bila kugombana na mkaguzi wa mji

Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu, na swali ni lilelile: mama mkwe anakuja kutoka nyumbani, vyumba vimejaa, gereji ipo tu inalinda maboksi na baiskeli mbovu. Je, naweza kuigeuza chumba? Unaweza. Mimi nafanya kazi ya ujenzi upande huu wa Dallas na Fort Worth, na gereji ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu paa lipo, sakafu ipo, kuta tatu zipo. Ila ndiyo kazi inayoongoza kwa watu kubomoa walichokwisha kulipia.

Tuelewane jambo moja kwanza. Kwetu tunajenga kwa tofali, madirisha pande mbili, upepo unaingia huku unatokea kule. Joto likizidi unachukua mkeka unahamia barazani. Nyumba ya hapa ni chupa ya chai. Imefungwa, imezungushiwa sufi ya kuzuia joto, na ndani yake kuna mashine inayopoza au kupasha hewa ileile. Gereji yako iko nje ya chupa. Siku unapoweka kiyoyozi mle umeiingiza ndani ya chupa, na kanuni ya nishati haina utani na hilo: sehemu ambayo haikuwa ikipozwa wala kupashwa joto, ukiigeuza iwe ya kupozwa na kupashwa joto, lazima ifikie kiwango kama vile inajengwa leo. Haijalishi nyumba ni ya mwaka 1978. Ukipaka rangi, ukibadilisha zulia au makabati, hakuna anayekuuliza kibali. Ukigeuza gereji, unahitaji.

Msidhani kanuni hizi ziliwekwa kutusumbua sisi wageni. Wamarekani walianza kuziandika baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, na kiwango cha kwanza cha kitaifa kikatoka 1975. Na aliyekuwa hapa Februari 2021 hahitaji mhadhara. Umeme ulikatika, nje barafu, na ndani ya nyumba ilibaki sufi peke yake. Wengine walilala na makoti, wengine hawakuamka.

Hatua ya 1: Jua uko chini ya nani

Kitabu kinachofuatwa ni kanuni ya kimataifa ya nishati, IECC, ambayo kwa nyumba za familia moja imeingizwa pia kama sura ya nishati ndani ya kanuni ya nyumba za makazi, IRC. Vitabu hivi hutolewa upya kila miaka mitatu. Kuanzia Septemba 1, 2016 jimbo la Texas liliweka toleo la 2015 kuwa kiwango cha chini kwa nyumba za familia moja, lakini miji ina ruhusa ya kupanda juu zaidi. Mji wako unaweza kuwa kwenye toleo la 2015, wa jirani yako uko kwenye la 2021, na kati yenu ni barabara moja tu.

Nchi yenyewe imegawanywa katika kanda za hali ya hewa. Dallas na Fort Worth ni kanda ya 3. Houston, Austin na San Antonio ni kanda ya 2. Kwa hiyo kabla ya kumsikiliza binamu wa Houston, jua kwamba namba zake si zako.

Piga simu ofisi ya vibali ya mji, uliza maswali matatu na uandike majibu: mnatumia toleo gani la kanuni ya nishati, mna marekebisho yenu wenyewe, na gereji ikigeuzwa mnadai maegesho mengine? Hilo la mwisho limeua miradi mingi. Kuna miji inayodai kila nyumba iwe na nafasi ya gari iliyofunikwa. Na kama mtaa wenu una chama cha wenye nyumba, wale wanaokuandikia barua nyasi zikirefuka, pata ruhusa yao kwa maandishi. Mji hautakulinda dhidi yao, wala wao hawatakulinda dhidi ya mji.

Hatua ya 2: Chungulia kona ya hita ya maji

Sijui kwa nini watu hawaiangalii. Nyumba nyingi za hapa hita ya maji ya gesi imekaa gereji. Gereji ikiwa chumba cha kulala, hita hiyo inayochoma hewa ya humohumo sasa iko na mama mkwe kitandani. Moshi wa gesi hauna harufu ya kukuamsha. Kanuni haikubali iachwe hivyo. Unaihamisha, au unaweka aina inayovuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje na kutoa moshi nje, au unaijengea chumba chake chenye mlango unaojifunga na kuziba vizuri na kinachopata hewa kutoka nje. Gharama yake iingize kwenye bajeti kabla hujamwambia mke kwamba kazi ni rahisi.

Hatua ya 3: Michoro na namba

Mji unataka kuona ramani ya kiwanja, ramani ya chumba, milango na madirisha na vipimo vyake, umeme utapita wapi, na ukurasa wa nishati. Huo ukurasa wa nishati ndio watu wanaouruka, na maombi yao yanarudi.

Namba R inapima jinsi kitu kinavyozuia joto kupita. Ikiwa kubwa ni nzuri zaidi. Namba U ni ya madirisha na inakwenda kinyume: ndogo ndiyo nzuri. Kwa kanda yetu ya 3, toleo la 2015 linadai darini R-38. Ukutani R-20, au R-13 ndani ya mbao pamoja na ubao wa povu wa R-5 usiokatizwa. Dirisha U isiyozidi 0.35. Toleo la 2021 limepandisha dari hadi R-49 na kushusha dirisha hadi U 0.30. Matoleo yote mawili yanataka dirisha lisipitishe zaidi ya 0.25 ya joto la jua, na kwa jua la Agosti la hapa, mimi sina ubishi nalo.

Ugumu uko ukutani. Kuta za gereji karibu zote ni mbao ziitwazo 2 kwa 4, ambazo kina chake halisi ni inchi 3.5. Humo R-20 ya sufi haiingii. Nimeona fundi ananunua sufi ya R-19 ya ukuta mnene, anaikandamiza iingie, anajipongeza. Ukiikandamiza hadi inchi 3.5 inabaki karibu R-13, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya sufi, na wewe umeitoa. Ubao wa povu nao kwa kawaida unakaa nje ya mbao, lakini nyumba zetu nyingi zimevalishwa tofali kwa nje. Huwezi kulivua tofali.

Kwa hiyo una njia tatu. Moja, unaongeza mbao kwa ndani hadi ukuta ufike inchi 5.5, unaweka sufi kamili, unapoteza inchi mbili za chumba kila upande. Mbili, unaweka R-13 kati ya mbao na ubao wa povu upande wa ndani, kisha jipsamu juu yake, kwa skrubu ndefu. Tatu, unapiga hesabu ya mizani kwa REScheck, programu ya bure ya wizara ya nishati ya Marekani: ukuta ukipungua kidogo, dari au dirisha linafidia, mradi jumla ipite. Mimi hupenda hii ya tatu. Dari ya gereji kuijaza sufi ya kupuliza ni rahisi, na karatasi inayotoka kwenye programu mkaguzi anaijua. Wapo watakaokwambia mji wao unakubali kujaza tu nafasi iliyopo kati ya mbao. Huenda ni kweli. Mwombe aliyekubali aandike.

Sakafu: toleo la 2015 halidai chochote kwa sakafu ya zege katika kanda ya 3. La 2021 linadai R-10 ukingoni hadi kina cha futi 2, na kwa zege lililokwishamwagwa hilo ni la kuzungumza mapema na anayepitia michoro.

Hatua ya 4: Kuomba

Miji mingi sasa unapakia faili mtandaoni. Ada msikubali ipigwe kwa gharama ya kazi. Tangu 2019 sheria ya jimbo inakataza mji kukudai thamani ya ujenzi wa makazi ili kupanga ada. Wengi hupiga kwa ukubwa wa eneo. Mji una siku 45 za kukupa jibu: ndiyo, hapana, au maandishi ya kueleza kwa nini bado. Na kuanzia 2023, wakizidisha siku 15 baada ya muda wao, sheria inakuruhusu kumtumia mtaalamu wa nje mwenye sifa apitie michoro. Sijawahi kufika huko. Ukiitaja sheria hiyo kwa adabu kwenye simu, mara nyingi faili lako linapatikana.

Texas haitoi leseni ya kontrakta mkuu. Ndiyo, mtu yeyote anaweza kuandika kontrakta kwenye gari lake. Lakini umeme, bomba na viyoyozi vina leseni ya jimbo, na unaweza kuitafuta kwa jina kabla hujatoa hata dola. Kama nyumba ni yako na unaishi humo, sheria ya jimbo inakuachia ufanye umeme na bomba mwenyewe, ila kibali na ukaguzi viko palepale.

Hatua ya 5: Kazi, na siku ya kutofunga ukuta

Mlango mkubwa ukitolewa, pengo lake unalijaza kwa ukuta mpya. Mbao ya chini inayogusa zege iwe ya kutiwa dawa. Zege la gereji huteremkia mlangoni ili maji yatoke, na mara nyingi liko chini kuliko sakafu ya nyumba, kwa hiyo amua mapema kama utainua sakafu.

Usiunganishe mabomba ya hewa ya nyumba na kuyavuta hadi gereji kwa kukisia. Mashine ile ilipimiwa nyumba bila gereji, na mkaguzi atataka hesabu ya mzigo wa joto. Mara nyingi kiyoyozi cha ukutani kinachojitegemea, kama vile vilivyojaa Dar, ndiyo jibu la bei nafuu, na kinatoa joto pia wakati wa baridi.

Ukaguzi unakwenda kwa mfuatano: fremu, umeme, bomba na hewa kabla ya kufunikwa; halafu sufi; halafu jipsamu; halafu ukaguzi wa mwisho. Nirudie ule wa sufi. Mwaka wangu wa kwanza kujitegemea nilimwachia fundi mmoja wa jipsamu funguo Ijumaa. Ukaguzi wa sufi ulikuwa Jumatatu. Yeye alikuwa na kazi nyingine Jumamosi, akaona anisaidie: akafunga kuta zote, akapiga hadi plasta ya viungo. Jumatatu mkaguzi alisimama mlangoni, hakuingia hata hatua mbili. Akaniuliza sufi iko wapi. Nikamwonyesha ukuta. Akaandika kitu kwenye kompyuta yake akaondoka. Tulibomoa karatasi kumi na moja za jipsamu, na la kuumiza ni kwamba alikuwa na haki: nyuma ya boksi za soketi hakukuwa na sufi kabisa, na tundu la waya juu ya ukuta lilikuwa linapitisha mwanga.

Hayo ndiyo anayoyatafuta. Sufi ikatwe izunguke boksi na waya, isikandamizwe. Kila tundu la waya au bomba linalopanda darini lizibwe kwa povu au silikoni. Pembeni mwa fremu ya dirisha, povu. Taa za kuzama darini ziwe za aina isiyovuja hewa na inayoruhusiwa kuguswa na sufi. Kifuniko cha kupandia darini kivalishwe sufi na mpira wa kuziba, maana hapo ndipo kifuniko cha chupa ya chai kinapolegea. Na ile karatasi ya NFRC, baraza linalopima madirisha, kwenye kioo cha dirisha jipya, yenye namba U, usiibandue hadi mkaguzi aione. Mke wangu anajua uchungu wa hili. Alisafisha vioo usiku wa kuamkia ukaguzi.

Miji mingine inadai pia jaribio la feni ya mlangoni: feni inafungwa mlangoni, inanyonya hewa ya nyumba hadi tofauti ya mkandamizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, kisha wanahesabu hewa yote inabadilika mara ngapi kwa saa. Kitabu kinasema isizidi mara 3 kwa kanda ya 3 na mara 5 kwa kanda ya 2, ingawa baadhi ya miji imerekebisha. Kwa chumba kimoja ndani ya nyumba ya zamani wengine wanaridhika kukagua kwa macho. Uliza kabla ya kufunga ukuta.

Kibali kisipoanza kutumika ndani ya siku 180 kinakufa, na kazi ikisimama siku 180 vilevile. Ukiona hela imekata, andika barua ya kuomba nyongeza kabla ya tarehe.

Maswali ya wanachama

Mama Neema: Kaka, shikamoo kwa somo. Mimi nilishachelewa. Gereji ni chumba tangu mwaka juzi, kijana wangu analala humo, kibali sikuchukua. Nifanyeje, au ninyamaze?

Jibu: Marahaba, dada. Ukinyamaza, siku ya kuuza utaulizwa. Fomu ya muuzaji hapa Texas ina mstari unaouliza kama kuna mabadiliko yaliyofanywa bila vibali, nawe utaweka sahihi. Nenda mwenyewe ukaombe kibali cha kazi iliyokwisha. Miji mingi inatoza zaidi kwa hilo, lakini anayekuja mwenyewe hupokelewa tofauti na aliyeshtakiwa na jirani. Kama una picha za kuta kabla hazijafungwa, zipeleke. Kama huna, jiandae kufungua sehemu kadhaa. Na leo hii, kabla ya yote, weka king'ora cha moshi ndani ya chumba hicho na nje ya mlango wake, pamoja na cha gesi ya kaboni monoksidi.

Papa Safi: Ndugu, mimi niko Fort Worth, tulitoka Bukavu. Naweza kuacha kiyoyozi kabisa? Niweke feni na ile hita ndogo ya kuchomeka. Hapo si nimebaki nje ya chupa?

Jibu: Papa, umewaza kama wakili, ila mlango huo wameufunga. Chumba cha kuishi watu lazima kiwe na kifaa cha kukifikisha digrii 68 za Farenhaiti wakati wa baridi, na hita ya kuchomeka kanuni inasema haihesabiwi. Ukiifanya karakana ya mbao bila joto wala baridi, hiyo ni hadithi nyingine. Usiweke kitanda tu.

Kamau wa Houston: Mzee, huku kwetu pia lazima povu juu ya R-13?

Jibu: Toleo la 2015 kwa kanda ya 2 ukuta ni R-13 tu, dari R-38, dirisha U 0.40. Mbao 2 kwa 4 zinakutosha, una bahati. Unyevu wenu ndio adui, usimruhusu mtu akubandikie nailoni upande wa ndani wa ukuta. Mvuke unatoka nje kuja ndani kwa kiyoyozi, na utageuka maji nyuma ya hiyo nailoni mpaka ukuta uote ukungu.

Dada wa Shamba: Sisi tuko nje ya mji, kaunti haina hata ofisi ya vibali. Tuendelee tu?

Jibu: Kaunti nyingi hazina mamlaka ya kutoa vibali kama miji, ni kweli. Lakini kiwango cha nishati cha jimbo hakiishii mpakani mwa mji, na mnunuzi wa kesho atakuja na mkaguzi wake. Lenu kubwa zaidi ni tangi la maji taka. Lilipimwa kwa idadi ya vyumba vya kulala. Ukiongeza chumba, mwone anayetoa vibali vya matangi kabla ya kununua hata msumari.

Bwana Hesabu: Kodi ya nyumba itapanda?

Jibu: Itapanda. Ofisi ya uthamini ya kaunti inapata habari. Ile kinga ya nyumba unayoishi, kwamba thamani ya kutozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, haifuniki kilichojengwa kipya. Piga hesabu hiyo pamoja na bei ya hoteli ya mama mkwe.

Mama Neema: Kaka, nimerudi. Dirisha la kijana ni lile dogo la gereji la zamani, liko juu. Watalikubali?

Jibu: Kwa chumba cha kulala, hapana. Moto ukitokea atoke hapo, au mzimamoto aingie na mtungi mgongoni. Likifunguka, uwazi uwe angalau futi za mraba 5.7, au 5 kwa chumba kilicho usawa wa ardhi; urefu usipungue inchi 24, upana usipungue inchi 20. Kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Mkiinua sakafu, dirisha linakuwa chini zaidi lakini dari nayo inakaribia kichwa, na dari haitakiwi kuwa chini ya futi 7. Kwa hiyo chukua futi kamba, pima vyote viwili kutoka sakafu itakayokuwepo, si kutoka kwenye zege la zamani, halafu nitumie namba kabla hujanunua dirisha.